Prosesa ya Pili Sikuitoa

Siku niliyofukuzwa kazi kule Inyonga naikumbuka vizuri, mwanangu, na naikumbuka bila aibu hata chembe. Kaa hapo, kunywa chai. Najua bosi wako anakusukuma ufanye jambo ambalo wewe fundi unajua ni bovu, na unaogopa kufungua mdomo. Basi nisikilize.

Nilikuwa binti, nimetoka chuo, fundi wa kompyuta wa chama cha wakulima wa tumbaku. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha mama na wadogo zangu kule Mamba. Pale Inyonga tulikuwa na seva moja, yaani kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za chama, bapa kama sinia, inanguruma mchana kutwa. Uzito wa tumbaku ya kila mkulima ulikaa humo. Ndani kulikuwa na prosesa mbili, yaani zile zinazofanya hesabu zote.

Msimu wa kupima umepamba moto, prosesa ya seva ya ofisi yetu ya Mpanda ikafa. Mwenyekiti wa chama, mzee mfugaji, mtu wa kuheshimika kweli, akaniita mbele ya kamati. Nikapiga goti nikamwamkia, kama nilivyolelewa.

"Binti," akasema, "jirani akifiwa na ng'ombe wake wa plau, na wewe unazo jozi mbili, unamwazima moja. Utachelewa kidogo, lakini wote mtalima. Toa prosesa moja iende Mpanda."

Kamati nzima ikaitikia. Kwetu watu tunaishi hivyo, na ni jambo jema. Lakini mashine haiishi hivyo, jamani! Nikawaeleza kwamba kila prosesa ina memori zake pembeni, na ina nafasi zake za kuchomekea kadi. Njia za shaba ndani ya bodi zimechorwa kiwandani, kila moja inakwenda kwa prosesa yake tu. Kadi inayoshika diski zetu zote, zile zenye hesabu za wakulima, ilikuwa upande wa prosesa ya pili, na nafasi nyingine ya kuitosha haikuwepo. Ukitoa prosesa ya kwanza, seva haiwaki kabisa; ukiitoa hiyo ya pili, diski zitabaki nzima, ila seva haitaziona.

"Kwa hiyo unanikatalia?"

"Nakataa, baba. Mkono wangu hautoi."

Mjomba wangu, mjumbe wa kamati, ndiye aliyenitafutia kazi ile. Alinikazia macho ninyamaze. Sikunyamaza.

Wakamleta fundi wa Mpanda, akaitoa. Seva ikawaka, feni zikavuma, taa zikamulika, diski hata moja haikuonekana. Nje wakulima wamepanga marobota uwanjani, wingu limetanda, mizani imesimama. Nikaichukua ile prosesa kwa fundi, nikaisafisha, nikapaka dawa ya kupitisha joto, nikaifunga mwenyewe. Diski zikarudi zote, upimaji ukaendelea.

Unadhani nilishukuriwa? Wapi! Kamati ikaniita tena. Mwenyekiti alikuwa ameaibika mbele ya wakulima wake, kwa hiyo kosa likawa langu: nimemvunjia heshima mkubwa. Niombe radhi, yaishe, nibaki na kazi.

"Omba tu, mpwa wangu," mjomba akaninong'oneza. "Ni neno moja."

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba." Nikasimama. "Heshima yangu hiyo hapo. Radhi siombi, kwa sababu nilichosema ni kweli na wote mmekiona."

Nikaondoka bila kazi. Nilipofika Mamba nililia, sikufichi. Msimu mzima mimi na mama tulilima vibarua kwenye mpunga wa watu, migongo ikatuuma hasa. Hasira ninayo mpaka leo. Na mpaka leo sijaomba radhi.

Sasa wewe, mwanangu, anza kwa kufungua mfuniko. Ujue hiki kimeungana na nini, kile kinategemea nini, ndipo useme. Usibishane na watu kwa kubahatisha. Ukishajua, mkubwa akakuamuru uharibu, mwamkie kwa adabu zote kisha mkatalie usoni. Watakuita jeuri. Waache wakuite. Watakutaka uombe radhi kwa kusema kweli, na hapo ndipo usikubali kabisa, hata kama wameshika ugali wako mkononi.

Mungu akupe macho ya kuona sawasawa na mkono usiotetemeka. Akulishe siku watakapokunyima. Haya, inuka, nenda kazini ukakatae.