Nilivyozika Maharagwe ya Mama Siku ya Kupimwa Kuni

Wakuu wa daftari hili la bweni, nimelipokea likiwa na mafuta ya mandazi ukurasa mzima. Wa kwanza kukana ndiye mwenye makosa.

Leo zamu ya kuandika ni yangu, na nitasema kweli tupu. Mama hasomi daftari hili.

Nianze na ujinga wenyewe: likizo iliyopita nilizika sufuria ya maharagwe. Ikiwa moto.

Msicheke bado.

Mnajua mama ana hoteli pale sokoni Nyamache. Chai, mandazi, maharagwe, basi. Tangu mafuta ya taa yapande bei, kila mtu amekimbilia kuni, na kuni nazo zikaanza kujiona. Mzigo wa kuni za miti ya miwati mama anaulipia kama anayelipa mahari. Akaanza kusema hoteli ikifungwa, basi na shule... Sikutaka amalize hiyo sentensi.

Ndipo wilayani wakatangaza: serikali itazijengea hoteli chache majiko ya matofali yenye bomba la moshi, yanayokula kuni kidogo. Ofisa atakuja siku ya soko kupima kuni. Hoteli inayounguza nyingi ndiyo itajengewa kwanza.

Mama ni Msabato, hadanganyi. Alipanga kuni zake za kila siku, akabandika maharagwe, akaenda mtoni kuchota maji.

Mimi nikapiga akili. Maharagwe yakipotea, atapika mengine. Kuni mara mbili! Jiko letu!

Yalikuwa yamechemka kama nusu saa. Nikaenda nyuma, kwenye shimo ambalo mama huivishia ndizi. Nikatoa ndizi zote, nikatumbukiza sufuria na kifuniko chake, nikajaza majani makavu ya mgomba, gunia juu. Nikarudi ndani kama malaika.

"Onchiri, maharagwe yako wapi?"

"Maharagwe gani, mama?"

Alinitazama tu. (Mnaijua hiyo ya kutazamwa tu.) Kisha akabandika mengine, makavu, hayakulowekwa, akainama kupuliza moto. Kuni zikawa zinayeyuka. Nikawa nazihesabu kwa furaha.

Saa tano ofisa akaingia, soksi mpaka magotini, mizani mkononi. Wateja wamejaa, na maharagwe bado mawe. Mzee mmoja muuza tumbaku akagonga meza.

"Mama Onchiri, leo tutakula serikali?"

Wakaanza kuinuka kwenda kwa jirani. Jiko la kesho litampikia nani kama wateja wanahama leo? Nikakiri mbele ya wote.

Soko zima likatufuata nyuma. Ofisa mwenyewe akainua gunia, mvuke ukamfunika miwani. Mama akachota kwa mwiko, akabonyeza punje moja.

Imeiva! Laini kabisa! Shimoni, bila moto!

Wakuu, watu walikula wamesimama. Ofisa alimaliza sahani mbili, akajifuta mdomo, akatoa kalamu.

"Mama, anayepikia shimoni hahitaji msaada wa kuni. Nakufuta kwenye orodha."

Nilitamani lile shimo linitoshe.

Mama akajipangusa mikono kwa leso, polepole.

"Sawa, bwana ofisa. Na ile chai uliyoagiza, nayo nikaizike?"

Ofisa alicheka mpaka kalamu ikatumbukia kwenye mchuzi. Akaiokota, akaandika jina letu kwa wino wenye mafuta. Jiko limejengwa, na maharagwe mpaka leo yanamalizikia shimoni.

Funzo langu: ukitaka kuidanganya serikali, usitumie chakula cha watu wenye njaa. Kama kuna mwingine aliyewahi kusaidia nyumbani mpaka akaharibu, aandike hapa chini. Ila anawe mikono kwanza.

Halafu jioni ile, nikiwa nangojea kiboko, mama aliniita nyuma ya hoteli. Akanionyesha ndizi nilizozitoa shimoni, mkungu mzima, kijani na ngumu kama kuni zenyewe. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Jiko ni la serikali. Shimo ni la maharagwe. Hizi ni zako. Anza kula."