Bunduki Mbili za Mzee Darwesh

Mzee Darwesh wa Kanyenye anauza vipuri vya baiskeli. Tangu nipange chumba cha cherehani jirani na duka lake, mwaka wa kumi na tisa huu, sijamsikia akikubali kwamba kitu kipya chaweza kushinda cha zamani. Cheni za siku hizi ni uzi. Misumari ya siku hizi inapinda ikitazamwa tu. Mimi Koleta, mzaliwa wa Ulyankulu, ni mvumilivu, lakini kuna siku natamani kumfunga mdomo kwa zipu, na zipu ninazo.

Sasa fikiria ilivyokuwa mdogo wake Fauzi, anayeishi Maskati, alipomletea bunduki ya bandia, mfano wa ile ya babu yao.

Ile ya kweli ilikuwa ukutani kwake miaka yote. Ni ya Kimarekani, ya enzi za misafara, ina pete ya chuma chini ya kifyatulio. Unaishusha pete kwa vidole, unaipandisha, na zamani hizo risasi ingekuwa tayari. Leo haipigi hata panya, maana mtutu umezibwa na kibali chake kimo kwenye fremu. Babu yake aliipata njiani kati ya hapa na Ujiji. Aliipataje, inategemea umeuliza siku gani: Jumatatu alibadilishana na vitambaa, Ijumaa alipewa na chifu aliyemng'oa jino.

Mzee alizilaza zote mbili juu ya meza yangu ya kukatia, akazisogelea na miwani yake puani.

"Fundi, vuta pete ya hii ya babu. Unasikia? Chuma kinaitikia chuma. Sasa vuta hii ya Fauzi."

Nikavuta. Ililia kama mfuniko wa sufuria.

"Mwanasesere," akasema. "Mtutu mwepesi, mbao imepakwa rangi. Hata ukinifunga macho nitakwambia ipi ni ipi."

Mungu anisamehe, mimi niliipenda ile mpya. Shaba iling'aa, na haikunichafua mikono. Sikusema, kwa sababu nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza.

Harusi ndiyo iliyoleta mambo. Binti mdogo wa Mzee, Masika, alikuwa anaolewa na watu wa Ujiji, na katika ukoo wao wanaume hucheza razha: ngoma, panga, mistari miwili ya kanzu, kisha baba wa bibi harusi anaingia katikati, anarusha bunduki juu na kuidaka mbele ya wakwe. Pale Mtendeni mwaka jana mzee mmoja iliyomponyoka hadi leo haendi sokoni. Darwesh alikuwa na miaka sabini na mbili na bega bovu, na alishatangazia mtaa mzima kwamba atairusha ya babu.

Siku tatu kabla ya harusi alikuja dukani kwangu, akafunga mlango.

"Nimeijaribu uani," akasema, akitazama sakafu. "Haipandi, fundi. Mkono umekataa."

Sijawahi kumwona hivyo, na iliniuma. Mpango wake ulikuwa huu: aipake ya Fauzi masizi na nta ya nyuki mpaka izeeke, kisha aitie kwenye mfuko mwekundu niliomshonea kwa ajili ya ile ya babu. Ya babu iende kwenye mfuko wa bluu. Aliniapisha nisimwambie mtu. Akasugua siku mbili, na kwa kweli kazi yake ilikuwa nzuri. Mwishowe hata mimi sikujua ipi imevuka pori na ipi imevuka uwanja wa ndege.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, ngoma zilishaanza na mimi nilikuwa nabana pindo la mwisho la bibi harusi. Akaingia Lina, binti mkubwa, ambaye ni muuguzi.

"Shikamoo mama Koleta."

"Marahaba."

Akaninong'oneza sikioni. "Baba atajiua na lile bega. Nimeingia chumbani kwake nikazibadilisha hapo hapo kitandani, kwa kuziburuta tu. Kwenye mfuko mwekundu sasa kuna ile ya ba mdogo Fauzi. Usimwambie, atakufa kwa aibu."

Nilimeza pini, au karibu: kumbe mwekundu sasa ulikuwa na ile nzito ya babu. Nilitoka mbio, pindo limebaki linaning'inia, nikapenya kwenye kina mama na vigelegele vyao. Nimekwama. Nikipiga kelele, wakwe wote watajua. Na Mzee alikwisha ingia katikati, miwani ameivua isianguke, mfuko mwekundu uko chini, bunduki mkononi.

Nilimwona akiinyanyua. Nilimwona akisita. Uso ulimwanguka, kisha akakunja midomo kama mtu aliyetukanwa, akazunguka mara moja, akairusha.

Ilipanda juu ya vilemba. Nilifumba macho. Niliposikia wanaume wakipiga takbiri nilifumbua, na bunduki ilikuwa mkononi mwake, mkono mmoja, na wakwe wa Ujiji wanamkumbatia kwa zamu.

Alinijia nyuma ya turubai anahema.

"Nimekwisha, fundi. Ile nyepesi yenyewe imenielemea kama ya babu. Nikajiambia, Darwesh, kama hata mwanasesere huwezi kumrusha mbele ya mwanao, bora ukalale. Nikairusha kwa hasira."

Siri mbili nilikuwa nazo. Ya Lina niliitoa papo hapo, na sijaungama mpaka leo.

Alinisikiliza mdomo wazi. Akaipima bunduki mkononi, akanusa chuma, akakaa chini kwenye gunia la mchele na kucheka mpaka kofia ikamtoka. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka, nisijue ya nini.

Lina alikuja na glasi ya maji. "Baba, umecheza vizuri sana," akasema, kwa ile sauti ya kuwasifu wagonjwa.

Mzee alimpa bunduki aishike. Lina aliipokea kwa mkono mmoja, ukashuka, akaongeza wa pili. Akaitazama, akanitazama mimi, akamtazama baba yake.

"Baba. Bega?"

"Linauma sana, mwanangu," alisema Mzee Darwesh, na sijaona mtu mwenye furaha kama ile. "Linauma vibaya mno."