Boti ya Muramu Iliyozimika Mbele ya Wakwe

Mume wa dada yangu, ambaye sisi hapa Bujumbura tunamwita muramu, naye huniita vivyo hivyo, anauza vitambaa mjini na amejenga Kinanira, juu mlimani, ambako ziwa linaonekana lote. Nadhani ndicho kilichomponza. Alikaa barazani akilitazama Tanganyika mpaka akaanza kuliona kama kiwanja chake. Akanunua boti. Ilikuwa boti kuukuu, yenye injini ya petroli iliyofungwa ndani, chini ya kifuniko cha mbao, si zile zinazoning'inizwa nyuma. Aliyemuuzia alifurahi mno siku ile, na muramu hakujiuliza kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwetu Buyenzi, katika ukoo uliojaa mafundi wa magari, kazi yangu huchukuliwa kama maradhi madogo: watu wananiulizia hali, halafu wanaendelea na mazungumzo yao.

Ile boti ilikuwa na tabia moja. Injini ikiwa baridi iliwaka mara moja, ikaenda vizuri kwa muda, kisha ikakohoa na kuzimika. Ukiiacha ipoe, iliwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Muramu hakukosa maelezo. Kwanza petroli ilikuwa na maji. Halafu plagi zilikuwa feki. Halafu kulikuwa na hasidi. Alibadilisha bobini, kile kikopo kinachoukuza umeme wa betri hadi uweze kuruka kwenye plagi kama cheche, akabadilisha tena na tena, na kila mpya ilipokufa alikilaani kiwanda.

Kisha mpwa wangu, binti wa muramu, akaposwa. Familia ya mwanamume ni Waarabu wa mjini, watu wenye maduka tangu enzi za babu zao, na shangazi zake walikuja Jumapili moja kumtazama binti. Muramu hakuridhika na pilau. Alivaa kofia ya nahodha, akawapandisha botini na mabuibui yao, mimi na dada tukafuata, akawapeleka kutazama mji kutoka majini.

Injini ilizimika mbele ya bandari. Pale gatini meli ya Kigoma ilikuwa inapakiwa, na wapagazi walitua mizigo yao ili watutazame vizuri.

"Apana tatizo," muramu aliwaambia wageni. "Tunapumuzisha moteri kidogo."

"Na sisi tutapumzikia wapi?" akauliza shangazi mkubwa, huku akitoa tasbihi kwenye mkoba.

Tulivutwa hadi ufukweni na mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Wavuvi walikuwa na adabu, hawakucheka mpaka tuliposhuka. Harufu ya dagaa ilibaki kwenye mabuibui, na shangazi mkubwa alivuta tasbihi njia nzima, jambo lililomtisha dada kuliko maneno.

Jioni ile dada alimwambia mumewe, "Boti ipone ama iuzwe." Kisha akanigeukia. "Na we, si umesomea umeme? Utaenda kuiangalia."

Muramu alicheka. "Huyu? Huyu anatengenezaka moteri za ubaoni."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata na kipima umeme cha maabara ya shule. Jambo la kwanza nilifungua kifuniko cha injini na kukiacha wazi, kwa sababu mvuke wa petroli hutuama mle chini. Muramu alikuwa amesimama juu yake na sigara mdomoni.

"Zima sigara, muramu."

"Mi navutaka humu kila siku."

"Basi leo ukavutie ufukweni, nami nimalize kazi nikiwa hai."

Hewa ilipokuwa safi, nilichomoa waya mnene wa bobini, nikausogeza karibu na chuma cha injini, nikamwomba azungushe ufunguo. Cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu. Nalijua hilo kwa sababu ilipita kwenye ufa wa waya ikaingia mkononi mwangu, nikaangukia rundo la majaketi ya kuogelea. Muramu hakuwa amefurahi hivyo tangu siku ya posa.

"Fizikia imekujibu," akasema.

Tulifunga ule ufa vizuri, tukaiwasha injini tukaiacha ichemke. Ilipozimika nilipima tena. Safari hii hapakuwa na cheche yoyote. Kwa hiyo petroli haikuwa na kosa, na hasidi naye tukamwachilia. Niligusa bobini, ilikuwa ya moto kama birika. Nikapima umeme unaoiingia, nikakuta inapokea nguvu yote ya betri. Nilipoifuta mafuta niliona maandishi ya Kifaransa ubavuni: itumike pamoja na rezistansi ya nje. Nikaufuata waya kutoka kwenye ufunguo. Njiani palikuwa na matundu mawili ya skrubu, matupu, na nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kuviringishwa utepe.

"Muramu, hapa palikuwa na nini?"

"Ile kitu nyeupe? Niliitoa siku ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inachoma. Kitu ikichoma mu moteri si imeharibika?"

Nilimweleza kwamba kile kitu ndicho rezistansi yenyewe, na kazi yake ni kuchemka. Kinapunguza umeme ili bobini ipate kiasi inachoweza kukivumilia. Yeye alikitoa, bobini ikabeba mzigo wote, akawa anazika moja na kununua nyingine.

"Mafundi waliofunga zile bobini wangeniambia."

"Uliwaambia umeitoa?"

"Apana. Hawakuuliza."

Tulipata rezistansi Buyenzi, kwenye duka la binamu yetu, tukafunga na bobini mpya. Boti ilizunguka asubuhi nzima bila kukohoa. Harusi nayo ilifungwa, alhamdulillahi, ingawa shangazi mkubwa alisema ziwa atalitazamia nchi kavu.

Siku hizi muramu anawasimulia wageni barazani jinsi alivyogundua kosa. "Mi mwenyewe niliiona. Huyu muramu wangu alinishikiaka taa." Dada hunimiminia chai ya pili bila kuniangalia. Juzi alikuja mkubwa mmoja wa Kigobe, naye ana boti, kutaka ushauri. Muramu alimwambia aongeze rezistansi mbili, ili injini idumu zaidi. Nasikia mpaka leo haijawaka.