Udi wa Chumba cha Uani

Watu wengi wakisikia harufu ya udi hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka chumba cha uani nyumbani kwetu Ole, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa miaka tisa. Humo aliishi shangazi yangu, Bi Time. Alishikwa na uchungu wa uzazi siku tatu, mtoto akatoka maiti, na tangu hapo mkojo ukawa unamvuja usiku na mchana. Mumewe alimrudisha kwetu pamoja na godoro lake. Bibi alifukiza udi tangu alfajiri ili wageni wasinuse kitu. Shangazi naye alijinyima maji ili asivuje, na kadiri alivyojinyima ndivyo mkojo ulivyozidi kunuka na kumchoma mapaja. Sisi tulikula sinia moja. Yeye alipelekewa bakuli la bati. Hata majamvi ya kuanikia karafuu alikatazwa kuyakanyaga. Lililomliza zaidi ni kuambiwa kwamba hana tohara, mwili wake si safi kwa ibada, asisali. Miaka miwili hakusali.

Siku moja Bi Salma, mkunga aliyesomea kazi yake, alikuja kutoka Jadida kumtazama jirani aliyejifungua. Alipopita kwetu akauliza, “Udi wote huu saa sita mchana, anaolewa nani?” Nikamwonyesha mlango wa uani. Bibi akanifinya, lakini mgeni alikwisha kuingia, na shangazi akamweleza yake yote, hata kuachishwa sala.

“Nani kakukataza sala?”

“Mama. Navuja, Bi Salma. Nitamkabilije Mola?”

“Mgonjwa akivuja ndio Mungu kamfukuza? Funga kitambaa, tia udhu kila wakati wa sala, usali. Na maji unywe!” Akamgeukia bibi. “Hili si jini, Bi Mkubwa. Ni tundu kwenye kibofu. Linashonwa Unguja.”

“Aibu yetu tuipakie melini?”

“Mmeifukiza miaka miwili. Imekwisha?”

Shangazi alisali adhuhuri ile ile, akilia. Baada ya mavuno alipelekwa Unguja, akashonwa mara mbili, akarudi mkavu. Bibi alimsogezea sinia, basi. Hakuna aliyemwomba radhi. Jambo hilo linanikera mpaka leo: kila msimu karafuu zetu zilivuka kwenda Unguja, lakini binti wa nyumba yetu tulimwona mzigo usiosafirishika.

Leo barabara zipo, wakunga wapo, na tundu lile linajulikana kwa jina, fistula. Hata hivyo, mwezi uliopita nilinusa udi saa sita mchana katika nyumba isiyo na harusi. Nilibisha hodi.