Shimo la Gogo

Nilipokuwa mtoto, tuliishi na mbwa aliyeizidi kwa ukubwa heshima ya baba yangu. Na heshima ya Baba haikuwa ndogo. Alikuwa bwana mifugo pale Kibondo, mtu wa pikipiki ya serikali na buti za mpira, na akipita njiani watu walikatiza mazungumzo ili wamuulize habari za mbuzi wao. Lakini wakifika kwetu, hakuna aliyemwangalia Baba. Wote walimtazama Gogo.

Aliachwa na mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi. Muda wake ulipokwisha alipanda ndege, akamwachia Baba mbwa, gunia la chakula cha mbwa ambalo halikumaliza mwezi, na maelezo kwamba mbwa wa aina ile hupenda watoto. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alikuwa wa rangi ya majivu, mgongo wake ulinifika kifuani, mashavu yananing'inia kama mifuko mitupu, na akijilaza mlangoni ilibidi tumruke. Ndiyo maana tukamwita Gogo. Jina lake la Ulaya halikutamkika bila kurusha mate, na mate nyumbani kwetu tayari yalikuwa mengi.

Watu hudhani mbwa mkubwa ni mbwa mdogo aliyeongezwa. Sivyo. Ni kama kuishi na mjomba asiye na kazi: anakula, anakoroma, anachukua nafasi ya wawili, na siku akiugua nyumba nzima inapoteza usingizi. Tulimpikia ugali na vichwa vya migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, tukampa kidogo kidogo, na baada ya kula hakuruhusiwa kukimbia, maana Baba alisema tumbo la mbwa wa namna ile huweza kujipinda likamuua. Viwiko vyake viliota sugu kwa kulalia sementi. Kazi yangu ilikuwa kuvipaka mawese kila jioni.

"Mawese ya mboga!" Mama alilalamika. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Tanga, na mawese yenyewe alikuwa bado anayazoea. "Mimi nakula nazi ya kuagiza, mbwa anakula mawese kwa viwiko!"

Basi Gogo alitembea mtaani na viwiko vya rangi ya chungwa, nami nikitembea naye, mtoto mwembamba kuliko wote darasani, na hakuna aliyewahi kunisukuma foleni ya bombani.

Majirani walikuwa na maoni. Mzee Shabani, mwenye duka, alikuwa muungwana lakini mkali kwenye suala moja. "Mbwa wenu sina ugomvi naye," alimwambia Baba. "Ugomvi wangu ni udenda. Akitikisa kichwa kule, mimi huku kanzu imekwisha." Hata hivyo alitutunzia magunia matupu ya mchele, tukayajaza majani makavu ya migomba, yakawa godoro la Gogo. Aliyatupa kutoka mbali, kama mtu anayelisha mamba.

Mama Zawadi, wa ng'ambo ya uzio, hakuwa na magunia. Alikuwa na shaka. "Mbwa gani anamzidi ndama? Huyo ni mtu, siku moja mtamsikia anaomba chumvi."

Tulicheka. Kisha ikaja Septemba, ardhi ikawa nyekundu na ngumu kama tofali, mvua bado, na Gogo akaanza kuchimba.

Alichagua nyuma ya jiko, pale Mama alipomwaga maji ya vyombo, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa na ubaridi. Alichimba kama aliyepewa kibarua, akaingia ndani, akazunguka, akalala. Kwetu inajulikana, na sidhani ni kwetu tu: mbwa akichimba shimo uani, anachimba kaburi la mtu wa nyumba hiyo. Kwa mbwa wa kawaida shimo huwa dogo, watu wanaweza kujifanya hawajaliona. Gogo alichimba shimo la kumtosha Gogo. Yaani lilimtosha pia mtu mzima, akikunja miguu kidogo.

"Mwalimu, umeona kazi ya mbwa wenu?" Mama Zawadi aliuliza kutoka uzioni.

"Anatafuta ubaridi tu."

"Ubaridi! Nawe na tumbo hilo."

Mama alikuwa mjamzito. Aliingia ndani.

Baba alicheka. Alicheka kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, akaeleza kwamba mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, kwamba huyu ametoka nchi za baridi, kwamba hakuna kingine. Yote yalikuwa kweli. Kesho yake, kabla jua halijapanda, nilimwona akilifukia lile shimo kwa jembe, harakaharaka, akigeuka kutazama kama kuna anayemwona. Hata kwa umri ule nilijiuliza: anayecheka, jembe la nini?

Na hapo ndipo alipoharibu. Mama Zawadi alikuwa ameona kila kitu, kama kawaida yake. "Amefukia!" alitangaza mtaa mzima. "Mbwa akichimba, hiyo ni habari tu. Mtu akishika jembe akafukia, huko ni kuzika! Mwenye nyumba amezika mwenyewe, sasa tusubiri amemzika nani."

Gogo, kwa kuukuta udongo umelainishwa, alishukuru na kulichimbua tena. Likawa refu zaidi.

Wiki hiyohiyo Mama alianguka darasani. Malaria, wakasema hospitali ya wilaya, na damu imepungua sana, wakamlaza. Baba akawa mtu wa kwenda na kurudi na chupa ya chai na sura ambayo sikuifahamu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakasalimia kwa urefu wote wa salamu za Kiha, wakaulizia mgonjwa, mvua, mihogo. Kisha mwenyekiti akasema kwa upole, "Bwana mifugo, hatukufundishi kazi. Lakini mkeo yuko kitandani, na shimo liko wazi."

Baba alitazama buti zake. "Nitampiga mbwa sindano ya mwisho kesho," akasema. "Si kwamba naamini. Ni kwa ajili ya amani ya majirani."

Maneno hayo sikuyasahau. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, nimekaa kwenye vikao vingi, na bado kila nikimsikia mtu akisema haamini lakini anafanya kwa ajili ya wengine, naiona ile sindano. Jioni ile nilimpaka Gogo mawese viwiko vyote, polepole, nikamaliza, nikaanza upya. Niliogopa kwa ajili ya Mama pia, mtu asidhani vingine. Lakini nilikuwa nimelala juu ya mbavu za yule mbwa tangu nijue kusoma, na sikuweza kuona namna moyo uliokuwa ukipiga vile, taratibu kama mtwangio, ungeweza kumdhuru Mama.

Asubuhi akaja Bibi, mama yake Baba, kutoka Kitahana, kutuangalia mpaka Mama atoke hospitali. Nilipomwona akishuka kwenye pikipiki nilijua yamekwisha. Bibi alikuwa na kovu la meno ya mbwa kwenye kigimbi cha mguu tangu usichana wake, na hata kitoto cha mbwa hakupita karibu nacho bila fimbo.

Gogo alikuwa amelala mlangoni, kama kawaida. Bibi akasimama.

"Huyu ni mbwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Una hakika?"

Akafikiri. Kisha akaweka kikapu chini, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu, yale makofi mepesi ambayo mwanamke wa Kiha humsalimia nayo mtu mzima, akamtolea Gogo salamu kamili kwa Kiha, ya habari za kuamka na habari za nyumbani. Nadhani hakutaka kukosea upande wowote, awe mbwa au mtu. Gogo aliinua kichwa, akapiga chafya, akanyanyuka, akampisha.

"Ana adabu," Bibi akasema akiingia. "Kuliko baba yako alivyokuwa."

Kisanduku cha sindano kilikuwa mezani. Nikalia, nikamweleza yote kwa mkupuo, shimo, kufukia, Mama, wazee. Alikwenda nyuma ya jiko, akasimama ukingoni mwa shimo na fimbo yake. Baba akamfuata. Uzioni Mama Zawadi alikuwa tayari, na wenzake.

"Nani alifukia?" Bibi akauliza.

Baba akakohoa.

"Mbwa amechimba, ameonyesha," Bibi akaendelea. "Sasa mnataka kumuua aliyeonyesha. Mtu akikupigia kelele nyumba yako inaungua, unampiga yeye?"

"Lakini Bibi," akasema Mama Zawadi, "desturi inataka mbwa auawe."

"Desturi ya wapi?"

"Ya… si ya kwetu?"

"Kwenu wapi? Mimi nilikuwa naolewa mama yako akinyonya. Shimo la mbwa halifukiwi, na mbwa haguswi. Hupandwa mgomba. Shimo linataka kitu cha nyumba hii. Lipe kitu chenye uhai, litanyamaza." Akamgeukia mwanawe. "Nawe, bwana sindano, rudisha vitu vyako ofisini. Shika jembe. Na utafute chipukizi la maana."

Sijamwona Baba akitii haraka namna ile, kabla wala baada. Alikwenda kwa Mzee Shabani, aliyekuwa na migomba nyuma ya duka, akarudi na chipukizi zuri na ujumbe: kachukueni hata mawili, ila mbwa asiyapake udenda. Tukapanda. Mama Zawadi mwenyewe alileta samadi ya mbuzi wake, maana alikuwa mkali lakini hakuwa mbaya; alichotaka ni kuona kitu kimefanyika.

Gogo, kwa kunyang'anywa chumba chake, alizunguka jiko na kuchimba kingine upande wa pili. Tulimwangalia Bibi. Bibi aliliangalia shimo, akashusha pumzi. "Leteni hilo chipukizi la pili."

Mama alirudi, dhaifu lakini amesimama. Mvua zilipochanganya alijifungua mtoto wa kiume, na kitovu kilipodondoka Bibi alikizika chini ya ule mgomba wa kwanza. "Sasa limekula," akasema, akakung'uta mikono. Mdogo wangu alijifunza kutembea kwa kushika sikio la Gogo. Gogo alivumilia. Mbwa wa ukubwa ule hawaishi sana, mioyo yao huchoka mapema, na nilikuwa sekondari alipolala mlangoni mara ya mwisho. Bibi, ambaye hakuwahi kumgusa hata mara moja, alikuja kutoka Kitahana kutupa pole, akakaa nasi siku nzima kama kwenye msiba wa mtu.

Nilipokuwa chuo kikuu, nikiwa na ile elimu mpya inayomfanya mtu amuulize maswali bibi yake, nilimwendea. "Bibi, ile desturi ya mgomba uliikuta kwa nani? Nimeuliza watu wengi, hakuna anayeijua."

Alikuwa akimenya mihogo. Hakuacha kumenya.

"Unauliza kama polisi. Mgomba ulishika?"

"Ulishika."

"Mdogo wako yupo?"

"Yupo."

"Basi ni desturi."

Nimeyageuza majibu hayo miaka mingi. Kuna siku nasema aliitunga palepale, ukingoni mwa shimo, kwa kuwa mjukuu alikuwa akilia na mwanawe alihitaji njia ya kutokea. Kuna siku nasema aliiamini yote. Baba alijua sababu za mbwa kuchimba, na alikuwa sahihi, na bado alikuwa amekwisha jaza sindano. Bibi alimwogopa mbwa kuliko sisi sote. Angesema neno moja tu, na mtaa mzima ungempongeza. Akachagua kumpigia makofi. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, na sina mwingine wa kumlinganisha naye.

Sasa naishi Kasulu, na ninaye mbwa jike mkubwa wa asili ya Afrika Kusini, mzito kunishinda, ambaye viwiko vyake vina rangi ya chungwa. Kiangazi kikikaza huchimba. Juzi alikuja bwana shamba, kijana nadhifu, akaitazama migomba yangu, mmoja dirishani, mwingine karibu na choo, miwili ikibanana getini.

"Dada, hapa hamkupima mistari?"

"Hatukupima."

"Sasa nani alichagua sehemu za kupanda?"

Nilimwonyesha mbwa, aliyekuwa amelala kivulini chini ya mgomba uliozaa. Akacheka, akadhani namtania. Nikamkatia vichane viwili vya ndizi aende navyo.