Baba Mkwe Anayekimbia

Wifi yangu alitoka Seoul mpaka Tukuyu kwa jambo moja tu: kumpigia baba yangu magoti. Na baba yangu, mzee wa kanisa, mtu mzima na akili zake, akawa anamkimbia.

Chanzo ni harusi. Kaka alioa hukohuko Korea, nikaenda mimi peke yangu kuwakilisha ukoo. Wakanitembeza kwenye kasri la wafalme wao wa zamani, ambako ukivaa hanboki, lile gauni lao pana la kienyeji, kiingilio hulipi. Loo! Mimi na mwili wangu huu wa ndizi na maziwa nikafungwa kamba kifuani, nikapanda treni ya chini ya ardhi nimevimba kama chandarua, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Ilinikera kidogo.

Harusi ilipoisha, bibi harusi akauliza baba mkwe yuko wapi. Kwao mke mpya huinama mbele ya baba mkwe mpaka paji la uso liguse mikono, naye mzee humrushia tende kwenye gauni, ziwe baraka ya watoto. Baba yake mwenyewe alishafariki. Akaniambia, kaka akitafsiri, "Bila hilo, mimi kwenu bado mgeni."

Nikamwambia aje. Sikufikiri kabisa! Maana kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana humheshimu baba mkwe kwa kutoonana naye. Akimwona njiani anajificha migombani, na mzee naye anageuza uso. Vijana wa siku hizi wameacha. Baba yangu hajaacha hata nukta.

Siku walipofika nyumbani, Msasani ya hapohapo Tukuyu, wifi alishuka garini na hanboki lake la waridi, mvua inanyesha. Baba akatorokea dirisha la jikoni. Mzee mzima! Mama akabaki anasema, "Karibu mwanangu, baba yenu katoka kidogo," na sisi sote tunasikia migomba ikivunjika nyuma ya nyumba.

Kesho yake tukampeleka kutembea Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili juu ya mto. Baba alisema mgeni hawezi kuonyeshwa daraja lile yeye akiwa amelala nyumbani, kwa hiyo akatangulia na bodaboda, mwavuli umemfunika mpaka mabegani. Tulipofika, wifi akautambua mwavuli aliouona asubuhi ukitoka nyumbani. Akainua gauni, mbio! Baba akavuka ng'ambo. Mto unanguruma chini, watalii wanapiga picha, na mimi nimeshika viatu vya wifi nakimbia nyuma yao. Wifi aliporudi amelowa chapachapa, akakaa kwenye jiwe.

"Hanitaki," akasema.

Niliumia kweli. Nikamwambia, "Wifi, anakukimbia kwa sababu anakuheshimu." Kaka alipotafsiri, wifi akanitazama kama mtu anayeuziwa samaki waliochacha.

Aliyechoka ni mama. Tuliporudi akasimama uani, akapaza sauti kuelekea migombani. "Wewe mzee, mtoto wa watu kavuka bahari! Kaa nyuma ya banda la ng'ombe, yeye akae huku mbele. Hamtaonana. Kuna tatizo gani?"

Migomba ikatikisika, kisha ikakubali. Tende alizokuja nazo wifi watoto wa shangazi walishazimaliza, basi mama akampelekea baba kilichokuwepo: ndoo ya maparachichi.

Wifi akainama mbele ya banda, taratibu, paji la uso mikononi. Ng'ombe ndiye aliyeitikia kwanza. Halafu yakaanza kuja. La kwanza likampata kaka begani.

"Baba, polepole!"

"Sioni ninakotupa!"

Wifi akatandaza gauni, akawa anadaka. Mengine yalikuwa yameiva, yakampasukia kifuani, na lile gauni la waridi likageuka kijani. Anacheka, mama anapiga vigelegele, ng'ombe wanalia, kaka kajificha nyuma yangu.

Ndoo ikaisha. Wifi akabaki amepiga magoti kwenye tope, amekumbatia maparachichi yake, machozi yanamtoka.

"Mbona kimya?" sauti ya baba ikatoka nyuma ya banda. "Mwanangu analia?"

"Analia, baba."

Akakohoa. Akakohoa tena.

"Mwambieni na huku ni hivyohivyo."