Kiti cha Deborah

Immaculée alikuwa msusi, na pale saluni kila mtu alijua kwamba mkono wake ni mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Noeli ya mwaka 1995 aliwaalika Wakongo sita chumbani kwake Berea, mjini Durban, kila mmoja aje na sahani yake, maana yeye alikuwa nazo mbili tu. Majani ya muhogo hayakupatikana, wakapika sombe ya spinachi na kujidanganya kwamba ladha ni ileile. Kabla ya kula, kila mtu alitaja jina moja la mtu aliyemwacha nyumbani, na wengine wakajibu kwa pamoja, "Kiti yake iko." Hakuna aliyegusa chakula mpaka majina yaishe. Desturi ikaanza hivyo, bila mkutano wala kamati.

Kisha vita vikalipuka nyumbani, watu wakazidi kumiminika Durban. Noeli ya 1997 walikuwa arobaini na kitu, wamejazana mpaka kwenye ngazi za jengo. Majina yalichukua saa nzima na ushei. Watoto walilia njaa, mchuzi ukaganda mafuta. Wa mwisho kusimama alikuwa Léonard, mlinzi wa geti huko Morningside, mzee mkimya aliyepotezana na binti yake njiani walipokuwa wakikimbia Uvira.

"Deborah," alisema, nao wakamjibu.

Akala sahani mbili. Alipokuwa akiaga alimwambia Immaculée, "Mama, kule kanisani wananiambia nimuombee apumzike. Ni hapa tu watu wanasema kiti yake iko."

Maneno hayo Immaculée aliyasikia kwa masikio yake mawili. Ndiyo maana baadaye hakuwa na cha kujitetea.

Mwaka uliofuata walikodi ukumbi huko Queensburgh, wa kurudishwa saa tisa alasiri, na yeye ndiye aliyejifunga kibwebwe kusimamia kila kitu. Aliona haya kulisha watu chakula baridi kwa mara ya pili. Haya ya mpishi tu, hakuna zaidi. Akapitisha sala moja fupi kwa ajili ya wote walio mbali, watu wakaitikia Amina, sufuria zikafunuliwa. Léonard alikuwa amekwisha kusimama, kofia mkononi.

"Papa Léonard, tulishawataja wote," alimwambia kwa upole kabisa, mwiko umemning'inia mkononi. "Kula, chakula inapoa."

Mzee akaketi bila kubishana. Alikula kidogo, akaondoka mapema. Immaculée alimwona akitoka, roho ikamsuta, lakini foleni ya sahani ilikuwa ndefu, akajiambia atamtafuta Januari. Januari ikawa Aprili, vichwa vya kusuka haviishi. Alipofika Morningside, mlinzi mpya wa lile geti alimwambia kwamba mzee amehama, wala hakusema anakwenda wapi.

Noeli ya 1999 ukumbi ulifurika. Kulikuwa na muziki, kulikuwa na sombe ya kweli, na watu walimsifu Immaculée mpaka akachoka kuitikia. Karibu wote hawakuwahi kupanda zile ngazi za Berea. Baada ya sala yeye alibaki amesimama. Kila mtu ana jina moja, na wiki nzima alikuwa amewaza kumtaja Léonard. Lakini lililomtoka lilikuwa jingine.

"Deborah."

"Amina," watu wakajibu, wakaanza kupanga foleni.

Angewalaumu vipi, na ni yeye aliyelifuta jibu? "Kiti yake iko," akajijibu mwenyewe.

Glody, mwenye duka la simu aliyekuwa akisimamia muziki, alimsikia. Akavuta kiti, akakiweka penye meza, kando yake.

"Anafika saa ngapi, mama?"

"Sijui, Glody."

Watu walikula, wakacheza, na mmoja akataka kuweka mkoba wake pale, Immaculée akamkatalia. Saa tisa ilipofika vijana wakakusanya viti vyote. Kile alikirudisha yeye mwenyewe.